Wiki Mbili za Kichefuchefu

Asubuhi ya siku ya nne Kenga alitapika tena, nyuma ya jiko, mkono mmoja umeshika ukuta wa udongo na mwingine ameukandamiza tumboni. Janet, mkewe, alimsikia huku akikoroga uji. Hakutoka. Alijua akitoka ataambiwa arudi ndani, na akirudi ndani ataonekana hajali. Alichota maji kikombe kimoja akakiweka kizingitini, mahali ambapo mumewe angekiona akigeuka, kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Mavyaa yake, Kanze, alikuwa akifagia uwanja. Alisimamisha ufagio.

"Mama Dena," aliita bila kupaza sauti. "Hiyo dawa mliyopewa Malindi ni ya kuponya au ya kumaliza?"

"Ni ya kuponya, mama."

"Mwanangu alikuwa halali, alikuwa hasemi, lakini alikuwa anakula. Sasa hata uji haukai."

"Walituambia mwanzoni itakuwa hivyo. Wiki moja, pengine mbili."

"Vidonda vya tumbo gani hivyo, vinavyotibiwa kwa kumtapisha mtu?"

Janet akaipua sufuria. Vidonda vya tumbo alivibuni yeye mwenyewe, wakiwa ndani ya gari kutoka Malindi, kwa sababu Kenga alikuwa amemwomba kitu kimoja tu njia nzima: mama asiambiwe. Sasa uongo ule ulikuwa umekaa nyumbani kama mgeni asiyeaga, na kila asubuhi ulidai kuhudumiwa. Kanze aliendelea kufagia mahali ambapo tayari palikuwa safi.

*

Kenga alikuwa mwongoza wageni kwenye korongo la Marafa. Miaka kumi na moja alikuwa amewateremsha watu kati ya ile miamba myekundu na myeupe, akiwaonyesha pa kukanyaga na kuwasimulia namna ardhi ilivyokatika. Janet aliuza maji baridi na njugu kwenye kibanda cha makuti juu, karibu na pale wageni wanapoegesha magari. Watoto walisoma, sima haikukosekana, na mtu akiuliza habari za nyumba ile aliambiwa ni njema.

Kisha zikaja mvua za vuli, na Kenga akaanza kupungua. Hakuna aliyekufa wala aliyegombana naye. Aliacha mzaha, halafu akaacha kuoga mpaka aambiwe, halafu akaacha kulala. Janet alidhani ni malaria. Alidhani ni mwanamke. Siku moja wageni wakapanda kutoka korongoni bila yeye, wakasema mwongozaji wao alibaki nyuma. Janet akateremka, akamkuta nusu njia, ameketi ukingoni mwa genge, mahali ambapo yeye mwenyewe huwakataza wageni kuketi, miguu yake ikining'inia. Akaketi kando yake.

Baada ya muda mrefu Kenga akasema, "Nilikuwa nafikiria tu jinsi ilivyo rahisi."

Janet akamshika mkono. Hakuuachia mpaka walipofika nyumbani, na kesho yake akaushika tena mpaka wakafika hospitalini Malindi.

Huko walikutana na muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya akili, mwanamke wa bara aliyeitwa Cherop, mwenye sauti ya chini na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Baada ya daktari kumwona Kenga na kumwandikia dawa, Cherop ndiye aliyekaa nao kuwaeleza.

"Hii ni dawa ya huzuni iliyozidi kipimo," alisema. "Nafuu yake inachukua wiki tatu, nne, hata zaidi. Lakini kichefuchefu chake kinaanza siku ya kwanza. Shida ndiyo hiyo. Unapata mabaya kabla ya mazuri, na hapo ndipo watu wengi huacha. Usinywe tumbo likiwa tupu. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Usiache kabla hujanipigia simu." Kisha akamgeukia Janet. "Hata maji yakishindwa kukaa tumboni, mlete. Na yale mawazo yakirudi, mlete siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama yatapita."

Akaandika namba yake juu ya bahasha ya vidonge. Kidonge kimoja kila asubuhi.

*

Siku ya sita ikawa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya wageni. Kenga akasema atakwenda kazini. Alikuwa amekonda, kola ya shati imempwaya shingoni, lakini alikuwa ameoga bila kuambiwa, na Janet hakuwa na moyo wa kumzuia.

Zamu yake ikamwangukia na jamaa moja ya Malindi: Rakesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkewe Vidhi, na mama yake, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Nalini. Bibi hakuweza kuteremka, basi wakakubaliana watazame kwanza kutoka juu. Kenga akaanza maelezo yake. Janet, akiwa kibandani, akasikia sauti ya mumewe ikipanda na kushuka kama zamani, akajikuta ameacha kupanga chupa.

Ndipo Vidhi akafungua chombo cha chakula. Zilikuwa bajia, zimekaangwa asubuhi ile, pamoja na achari. Harufu ya mafuta ikatembea na upepo. Kenga alinyamaza katikati ya sentensi. Akageuka, akapiga hatua tatu, akatapika njiani, mbele ya watu wote.

"Huyu amelewa?" Nalini akamwuliza mwanawe.

"Mama, taratibu," Rakesh akasema, lakini na yeye alikuwa akimtazama Kenga kwa swali lilelile.

Simeon akaja. Yeye ndiye mkubwa wa waongozaji na ndiye anayegawa zamu. Alimshika Kenga begani, akasogeza uso wake karibu na mdomo wa mwenzake.

"Pumua," akasema.

Kenga, mwanamume wa miaka arobaini na miwili, akapumua puani mwa Simeon huku bibi wa watu akimwangalia.

"Hajanywa," Simeon akawatangazia wageni, kama mtu aliyetoa msaada.

"Basi ana mimba," akasema Lewa, mwongozaji kijana aliyekuwa ameegemea pikipiki yake. Waongozaji wakacheka. Rakesh akatabasamu kidogo, kisha akajizuia.

Vidhi akaja kibandani akanunua chupa tatu za maji asizozihitaji. "Ni mumeo?" akauliza. Janet akaitikia kwa kichwa. "Pole sana, dada," Vidhi akasema, na ile pole ikamwuma Janet kuliko kicheko.

Wageni wakakabidhiwa Lewa. Simeon akamwambia Kenga akapumzike mpaka apone, zamu zake zitashikwa na wengine, asiwe na wasiwasi. Kenga akajibu, "Asante." Akatembea kwenda nyumbani peke yake, bila kugeuka upande wa kibanda. Janet akafunga biashara saa tano ya asubuhi, akamfuata kwa mbali, kwa kuwa hakuthubutu kumwacha atembee peke yake, na hakuthubutu kutembea naye.

*

Siku tatu zilizofuata Kenga hakutapika. Jumapili alikunywa uji wote. Jumatatu hakwenda nyuma ya jiko hata mara moja. Janet akaanza kusadiki kwamba ile wiki mbaya imekwisha, akafikiria hata kumpigia Cherop amshukuru.

Jumanne adhuhuri, akiwa anafua, akatia vidole kwenye mfuko wa shati la Kenga akatoa kipande cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na vidonge vitatu, vimelainika pembeni kwa mate, vimeshikana. Cha Jumapili, cha Jumatatu na cha asubuhi ile.

Kenga alikuwa ndani, ameketi kwenye kitanda cha kamba. Janet akasimama mbele yake, mikono bado ina povu.

"Hivi ni nini?"

Kenga akavitazama. "Nimepumzika kidogo."

"Ulinitazama usoni ukameza."

"Nilimeza maji."

Janet akakaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amejiandaa kugombana lakini nguvu hazikuja.

"Simeon alininusa mdomo," Kenga akasema. "Kama ng'ombe wa mnadani. Ile hali nyingine nilikuwa nayo peke yangu, Janet. Hakuna aliyeiona. Hii anaiona kila mtu. Nikichagua kati ya hizi mbili, naichagua ile."

"Na ile ilikupeleka wapi?"

Kenga akageuzia uso ukutani.

"Nimechoka, Baba Dena," Janet akasema. "Kila siku naangalia kinachoingia tumboni mwako na kinachotoka. Nikiwa kibandani masikio yangu yako huku. Ukinyamaza naogopa. Ukitapika nashukuru, kwa sababu anayetapika yu hai. Mama yako ananiona kama ninayekuwekea sumu, na siwezi kumlaumu, maana nimemdanganya. Hizi siku tatu nimelala. Kumbe nimelala bure."

"Ilimpeleka wapi?"

Ilikuwa sauti ya Kanze. Alikuwa amesimama mlangoni, leso imemlegea mabegani, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Janet akamtazama mumewe. Hili halikuwa lake kulisema.

"Ukingoni, mama," Kenga akasema.

Kanze hakuuliza ukingo gani. Alishika mwimo wa mlango, akajiteremsha taratibu mpaka akakaa kizingitini.

"Siku gani?"

"Ile uliyokwenda matangani Gongoni."

"Nami nikarudi nikakugombeza kwa nini hukupasua kuni."

Nje kuku aliingia kwenye beseni la nguo, akatoka.

"Kwa hivyo si vidonda," Kanze akasema hatimaye.

"Si vidonda."

"Na hivi vidonge ndivyo vya jambo hilo."

"Ndivyo, mama," Janet akasema. "Nisamehe."

Kanze akanyoosha mkono akapewa ile karatasi. Aliigeuzageuza, akaisogeza machoni, kisha akaikunja upya.

"Nilipokuwa na wewe tumboni," akamwambia Kenga, "nilitapika miezi mitano. Nilitapika kisimani mbele ya wanawake wenzangu. Nilitapika kwenye harusi ya dadangu nikaharibu mkeka wa watu. Baba yako alinirudisha kwetu wiki mbili kwa kuwa hawezi kula akinisikia. Nilichekwa mpaka nikazoea. Lakini hakuna aliyenijia akaniambia nikutoe." Akamnyooshea ile karatasi. "Wewe umeambiwa wiki mbili. Utatapika."

Kenga alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na Janet hakuweza kujua analia au anacheka mpaka aliposema, kwa sauti iliyokatikakatika, "Lewa alisema nina mimba."

"Lewa hajawahi kusema la maana," Kanze akajibu. "Hapo alikaribia."

*

Jioni ile wakampigia simu Cherop. Janet alitazamia karipio. Muuguzi aliuliza tu ni siku ngapi zimekosekana, akasema Kenga asijaribu kuzifidia kwa kumeza viwili, aendelee na kimoja kama kawaida.

"Lakini tuhamishe saa," akasema. "Ameze baada ya chakula cha jioni, akishakula, si kabla. Wengine kichefuchefu huwapitia wakiwa usingizini. Sasa nipe yeye. Nataka kuongea naye peke yake."

Kenga akaichukua simu akaenda nayo nyuma ya jiko, palepale pake pa kutapikia. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakusema ameulizwa nini, na wanawake wale wawili hawakumwuliza, ila Kanze alimpisha nafasi kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

Tangu siku hiyo jiko likawa chini ya Kanze. Alikata muhogo vipande vyembamba, akauchoma juu ya makaa mpaka ukakauka, akaufunga kwenye kitambaa na kuuweka kando ya kitanda cha mwanawe. "Kabla hujaweka mguu chini, tafuna," aliagiza. "Tumbo likiamka kabla yako litakushinda." Akatwanga tangawizi, akaitia maji ya vuguvugu, akamnywesha kwa kijiko kama mtoto mchanga. Samaki wa kukaanga akapigwa marufuku uani. Sima ikaachwa ipoe kabisa kabla ya kumfikia, kwa sababu, alisema Kanze, chakula cha moto kinapiga kelele na cha baridi kinanyamaza. Mfukoni Kenga akawa na ndimu iliyokwaruzwa ganda, ainuse anapopita kwenye harufu.

Haikuwa miujiza. Jumatano alitapika mara mbili, na usiku hakupata usingizi. Alhamisi mara moja. Ijumaa alikwenda nyuma ya jiko, akainama, akajikakamua, hakikutoka kitu, akarudi akiwa amelowa jasho. Jumamosi sauti za magari ya wageni zikasikika mpaka nyumbani, na Kenga akakaa ameupa mlango mgongo, akitafuna muhogo polepole kama mtu anayetumikia kifungo. Jumapili alikula nusu ya sima na mchicha usiotiwa mafuta, nayo ikakaa.

"Vipi kichwani?" Janet akamwuliza siku hiyo.

"Vilevile."

"Vilevile kabisa?"

Kenga akafikiri, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutodanganya tena. "Tumbo limetulia. Mengine bado."

Janet akasema, "Haya," akakusanya vyombo. Tumbo ndilo lililokuwa zamu yake wiki hizi. Hayo mengine hakuwa na nguvu ya kuyabeba siku moja na hili.

*

Wiki ya nne wakarudi Malindi. Kliniki ilikuwa imejaa, wakangoja kwenye benchi tangu saa mbili mpaka karibu saa sita. Mwanamume mmoja wa kwao Marafa alipita ukumbini akawaona wameketi mbele ya mlango ule. Akasita, akawasalimu kwa haraka, akaangalia pembeni. Kenga akaitikia salamu. Hakuinuka kuhamia benchi jingine, ingawa Janet alimwona akiisugua ile ndimu ndani ya mfuko.

Cherop akampima uzito. Alikuwa amepungua kilo nne. Akamwuliza kuhusu usingizi, chakula, yale mawazo. Kenga akajibu polepole. Kichefuchefu kinamjia mara mojamoja, akisikia mafuta ya moto au nazi. Usingizi umeanza kurudi. Yale mawazo yalimjia mara mbili wiki iliyopita, na mara zote mbili alikwenda akakaa karibu na mama yake akamsaidia kuchambua kunde.

"Ulimwambia kwa nini umekuja kukaa?"

"Hakuniuliza. Alinisogezea ungo."

Cherop akaandika. Kisha akainua macho kwa Janet. "Na wewe, Mama Dena? Unakula? Unalala?"

Janet akafungua kinywa aseme yeye hajambo.

"Hali," Kenga akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Kenga alikuwa akitazama mikono yake.

"Ananipakulia, anakaa mbele yangu mpaka nimalize, halafu anaosha vyombo. Sijamwona akitia tonge mdomoni. Sijui tangu lini, maana nilikuwa sioni. Nimeanza kuona juzi."

Cherop akaiweka kalamu chini. Janet alitaka kukana. Akajaribu kukumbuka jana alikula nini, akakumbuka muhogo wa Kenga, uji wa watoto, chai ya mavyaa yake, na zaidi ya hapo hakupata kitu. Akasema, "Nitakula," kama mtoto aliyekamatwa, na sauti ikamtoka vibaya, ikabidi ainame akatafute leso kwenye mkoba.

Nje ya hospitali, ng'ambo ya barabara, palikuwa na mama anayeuza chakula chini ya turubai: wali wa nazi, maharagwe, samaki wa kupaka. Kenga akasimama pale akaagiza sahani moja. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

"Twende tu, tutakula nyumbani," Janet akasema. "Hii nazi itakushinda."

"Kaa."

Akamvutia kiti. Kisha akachukua kiti kingine, akakizungusha mpaka upande upepo unakotoka, akakaa huko, ndimu ameishikilia puani.

"Kula," akasema. "Mimi nipo hapa."

Janet akakata tonge la kwanza, dogo, la kumridhisha tu. La pili likawa kubwa. Baada ya hapo njaa ikamjia yote kwa pamoja, njaa ya mwezi mzima, akala ameinamia sahani bila aibu, maharagwe na wali na mchuzi, mpaka mwuzaji akamwongezea kijiko bila kuombwa. Alipoinua kichwa Kenga alikuwa ametoka jasho kipajini na midomo imemkauka. Alikuwa akimeza mate kwa shida, macho yake yako kwenye sahani ya mkewe, na hakuwa ameondoka.